Bei ya kuuza kampuni na mtaji wa uendeshaji: jinsi ya kupiga hesabu bila kuumizwa

Bei mnayokubaliana kwenye mauzo ya kampuni siyo hela itakayolipwa. Nalisema mapema kwa sababu wauzaji wengi wanaanza kuipangia hela matumizi siku ileile namba inapoandikwa kwenye barua ya makubaliano ya awali, na wanunuzi nao wanaona kazi imeisha, kumbe ndani ya mkataba kuna kifungu kilichojaa maneno ya kihasibu ambacho kila mtu anakiruka, kinasema bei itapanda au kushuka kutegemea mtaji wa uendeshaji (mzigo na hela zilizoko kwa wateja, ukitoa madeni ya kila siku ya biashara) utakaokutwa siku ya kukabidhiana. Hicho kifungu kinaweza kuhamisha hela nyingi kuliko ile mliyovutana wiki nzima. Tukae nacho taratibu.

Kwa nini kipo

Dili nyingi za kampuni zinatajwa "bila keshi, bila madeni". Yaani muuzaji anabaki na keshi iliyopo benki au inaongezwa kwenye bei, na mikopo inakatwa kwenye bei. Vinavyobaki, hela mnazowadai wateja, mzigo stoo, hela ambazo masapulaya wanawadai ninyi, mishahara iliyoiva ila haijalipwa, vinahama na biashara kwa sababu ndivyo vinavyoizungusha kila siku. Mnunuzi alivyopiga bei alichukua faida ya mwaka akaizidisha mara kadhaa, na hiyo faida haitokei hewani, inataka kiasi fulani cha mzigo na kiasi fulani cha hela zilizolala kwa wateja. Kwa hiyo ndani ya bei tayari kuna sharti: biashara ije na mtaji wake wa kawaida, usipungue.

Sasa toa hicho kifungu uone. Muuzaji anajua keshi ni yake, basi miezi miwili kabla ya kukabidhi anaacha kulipa masapulaya, anawapa wateja punguzo walipe haraka, haagizi mzigo mpya. Keshi inajaa, anaondoka nayo. Mnunuzi anaingia asubuhi ya kwanza anakuta rafu tupu, masapulaya wamekasirika, na hakuna mteja wa kumdai, inabidi atoe hela mfukoni siku hiyohiyo. Chukua hilo la masapulaya tu: amechelewesha malipo ya milioni 20, keshi imepanda milioni 20 na deni la masapulaya limepanda milioni 20. Bila marekebisho anapata milioni 20 za bure. Kukiwa na marekebisho, keshi inaongeza bei kwa 20, mtaji uliopungua unaishusha kwa 20, ngoma droo. Hiyo ndiyo kazi yake yote, kuondoa faida ya kuchezea mambo siku za mwisho, na inamlinda hata muuzaji, kwa sababu kama ametoka kujaza stoo kwa hela yake juzi tu, ziada hiyo analipwa.

Hesabu yenyewe

Siyo ngumu. Tuseme bei ni milioni 500 na mmekubaliana kiwango cha kawaida cha mtaji ni milioni 100. Siku ya kukabidhiana mizania (karatasi ya mali na madeni ya kampuni) inaonyesha wateja wanadaiwa 90, mzigo stoo 70, gharama zilizolipwa mapema 5, jumla 165. Upande wa pili masapulaya wanadai 60 na malimbikizo ya mishahara na bili ni 15, jumla 75. Mtaji ni 165 toa 75, yaani 90. Umepungukiwa 10 chini ya kiwango, bei inashuka hadi 490. Ungekuwa 108 bei ingepanda hadi 508. Juu ya hapo ndo unaongeza keshi na kukata mikopo, hizo ni hesabu zake pembeni, usizichanganye.

Vita haviko kwenye kutoa na kujumlisha. Viko kwenye maswali mawili: ile 100 imetoka wapi, na nini kimehesabiwa ndani ya ile 90.

Kupanga kiwango cha kawaida

Njia iliyozoeleka ni wastani wa mizania za mwisho wa mwezi kwa miezi 12 iliyopita. Usitumie mizania ya mwisho wa mwaka peke yake, kampuni nyingi zinajisafisha mwisho wa mwaka, wateja wanabanwa walipe, stoo inapunguzwa, kwa hiyo picha ya siku hiyo haifanani na miezi mingine. Kama kampuni haifungi vitabu kila mwezi basi kazi ya kwanza kabisa, kabla hata ya kutafuta mnunuzi, ni kuanza kufunga kila mwezi vizuri, malimbikizo yakiwekwa na stoo ikihesabiwa, maana bila hiyo unaenda kwenye meza ya mazungumzo huna namba zako na utapokea za mwenzako.

Biashara inayokua inaleta ubishi wake. Mauzo yakipanda mtaji nao unapanda, kwa hiyo wastani wa miezi 12 unakuwa chini kuliko hali ya leo, muuzaji anaonekana ana ziada. Mnunuzi atasema hapana, tuchukue miezi 3 au 6 ya mwisho ndiyo inaonyesha biashara ninayoinunua. Mi naona hoja ya mnunuzi ina nguvu kama bei nayo imepigwa kwa faida ya karibuni au faida inayotarajiwa, ila kama bei imepigwa kwa faida ya miezi 12 iliyopita basi na kiwango kitoke kwenye miezi hiyohiyo. Huwezi kulipa bei ya faida ya jana ukadai mtaji wa kesho.

Kwa biashara za msimu watu wanachanganyikiwa sana, wakiwemo washauri wanaolipwa vizuri. Tuseme wastani wa mwaka ni 100 lakini kwenye kilele cha msimu stoo imejaa na mtaji unafika 150, na kukabidhiana kunaangukia mwezi huo. Mnunuzi anasema "kwa mwezi huu 150 ndiyo kawaida, kwa hiyo kiwango kiwe 150". Inasikika sawa kabisa. Lakini jiulize ile 50 ya ziada imetoka wapi: muuzaji ametumia keshi yake au amekopa benki kuijaza stoo, na siku ya kukabidhiana keshi hiyo haipo tena ya kuongezwa kwenye bei, na mkopo huo unakatwa kwenye bei. Ukimwekea kiwango 150 ameumia kwenye keshi halafu hapati chochote kwenye mtaji, wakati mnunuzi atauza ule mzigo na kula hela. Kwa wastani wa 100 muuzaji anarudishiwa 50 yake na mambo yanakaa sawa. Kinyume chake ni hivyohivyo, mkikabidhiana msimu umeisha, stoo ndogo na keshi nyingi, wastani wa mwaka ndio unaomlinda mnunuzi, muuzaji akija na hoja ya "mwezi huu kawaida ni 60" usiikubali kirahisi. Kwa hiyo mara nyingi wastani wa mwaka mzima ndio wa haki hata kwa biashara ya msimu, ilimradi keshi na mikopo vinahesabiwa siku hiyohiyo moja na bei yenyewe haijabeba msimu kwa namna nyingine.

Na usishtuke ukikuta kiwango ni hasi. Biashara ambazo wateja wanalipa mapema, kama za usajili wa mwezi au mwaka, kawaida mtaji wake uko chini ya sifuri. Kiwango kikiwa hasi 30 na siku ya kufunga dili, yaani ya kukabidhiana, ukakuta hasi 35, bei inashuka 5, kanuni ni ileile. Anayeshauri "kwa vile ni hasi tuweke sifuri" anahamisha milioni 30 kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa neno moja tu.

Nini kiingie, nini kitoke

Vya kutoa havina ubishi mkubwa: keshi, mikopo ya benki, kodi ya mapato, madeni kati ya kampuni na mmiliki au kampuni dada, na gharama za dili lenyewe kama ada za mawakili na madalali. Hizo zinawekwa kwenye hesabu ya keshi na madeni au zinafutwa kabisa kabla ya kufunga.

Halafu kuna vile vya katikati, na hapa ndipo hela inapohama kimyakimya. Advansi za wateja kwa kazi ambayo haijafanyika. Bonasi za wafanyakazi za mwaka ambazo hazijalipwa. Invoisi za masapulaya zilizopita muda wake kwa miezi. Deni la mashine mpya iliyonunuliwa ila haijalipiwa. Wateja ambao hawajalipa zaidi ya siku 90. Mzigo uliolala stoo hauuziki. Mnunuzi atajaribu kuyaita mengi ya upande wa madeni kuwa ni mikopo kwa jina lingine ili yakatwe kwenye bei moja kwa moja. Mengine ana haki: deni la mashine siyo la kuzungusha biashara, na invoisi iliyokaa miezi sita bila kulipwa kiukweli ni mkopo kutoka kwa sapulaya bila riba. Mengine siyo, malipo ya mshahara yanayoiva kila mwezi ni uendeshaji wa kawaida kabisa.

Angalia hesabu ya advansi uone ilivyo na makali. Kampuni kwa kawaida ina advansi za 12, na kiwango cha 100 kimepigwa zikiwemo ndani kama deni. Siku ya kufunga zipo tena 12 na mtaji ni 100, hakuna marekebisho. Sasa mnunuzi anasema advansi ni mkopo, tuziondoe kwenye mtaji tuzikate kwenye bei. Bei imeshuka 12. Lakini ukiziondoa kwenye mtaji wa siku ya kufunga tu na kiwango ukaacha 100, mtaji unakuwa 112, muuzaji anapata ziada ya 12, mmerudi palepale. Mnunuzi anayejua kazi yake ataziondoa na kwenye kiwango pia, kiwe 112, hapo muuzaji amepoteza 12 kamili. Kwa hiyo ukiwa muuzaji ukisikia "hiki tukihamishie kwenye madeni" usijibu pale mezani, uliza kwanza kiwango kinabadilikaje halafu piga hesabu pande zote mbili ndo urudi na jibu. Na ukiwa upande wowote ule hakikisha kila kitu kinahesabiwa mara moja tu, maana bonasi iliyokatwa kama deni na ikabaki pia kwenye malimbikizo imemuumiza muuzaji mara mbili kwa jambo moja.

Kanuni za kihasibu, andika kwa mpangilio

Mkataba mzuri unasema mtaji utapigwa kwa ngazi tatu. Kwanza kanuni maalumu mlizoziorodhesha, kwa mfano deni la mteja lililozidi siku 90 linahesabiwa nusu, lililozidi 180 linahesabiwa sifuri. Pili, pale ambapo hamkuandika kanuni maalumu, fuata namna kampuni ilivyokuwa inafanya kwenye mahesabu yake yaliyopita. Tatu, kama hata huko hakuna jibu, ndo mnaenda kwenye viwango vya uhasibu vinavyokubalika. Mpangilio huu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu viwango vya uhasibu vinaruhusu majibu tofauti kwa swali moja, na mkiandika tu "kwa mujibu wa viwango" mnunuzi akishika vitabu anaweza kuchagua jibu lingine ambalo nalo ni halali, akaongeza akiba ya madeni mabovu, akashusha thamani ya stoo, na bei ikashuka bila biashara kubadilika hata kidogo.

Hili lilifika mahakamani huko Delaware, Marekani. Westinghouse ilinunua kampuni ya ujenzi wa mitambo ya nyuklia, Stone & Webster, kutoka Chicago Bridge & Iron, dili likafungwa 31 Desemba 2015. Bei ya kulipwa siku ya kufunga ilikuwa sifuri, na kiwango cha mtaji kilikuwa dola bilioni 1.174. Baada ya kufunga mnunuzi akapiga hesabu upya akadai zaidi ya dola bilioni 2, na sehemu kubwa ya dai ilikuwa inasema namna ya zamani ya kuandika mahesabu haikufuata viwango. Mahakama ya chini ikamkubalia mambo hayo yaende kwa mhasibu huru, Mahakama ya Juu kabisa ya jimbo ikageuza uamuzi mwaka 2017: marekebisho ya mtaji ni mlango mwembamba wa kupima kilichobadilika kati ya kusaini na kufunga kwa kutumia uhasibu uleule wa zamani, siyo nafasi ya kupinga historia nzima ya vitabu. Tena kwenye mkataba ule muuzaji alikuwa amekingwa, uhakikisho wake kuhusu mahesabu haukuendelea kuwa na nguvu baada ya kufunga, kwa hiyo kumruhusu mnunuzi apite dirisha la mtaji kungefuta ile kinga. Muuzaji alishinda lakini baada ya kesi, na sidhani kama kuna mtu anataka kupata uhakika wake kwa njia hiyo. Andika wazi tangu mwanzo.

Na kitu kimoja nasisitiza kuliko vyote: ambatanisha kwenye mkataba mfano wa hesabu, jedwali kamili kwa mwezi mmoja uliopita, mstari kwa mstari, akaunti zipi zimeingia kwa namba zake kwenye leja na zipi zimetoka. Maneno matatu ya mwanasheria yanaweza kusomwa kwa namna tatu, jedwali lenye namba za akaunti halibishaniwi hivyo. Lifanye kabla ya kusaini, ikiwezekana mambo makubwa yaanze kwenye barua ya makubaliano ya awali, kwa sababu muuzaji akishakubali kuongea na mnunuzi mmoja tu, nguvu yake ya kubishana inapungua kila wiki.

Siku ya kufunga na baada yake

Siku chache kabla ya kufunga muuzaji anatoa makadirio. Tuseme anakadiria 97 dhidi ya kiwango cha 100, bei inashushwa 3 siku hiyo. Baadaye mnunuzi, ambaye sasa ndiye mwenye vitabu, anaandaa hesabu halisi, kawaida ndani ya siku 60 hadi 90. Akipata 90 anadai 7 zaidi. Ili asimkimbize mtu, sehemu ndogo ya bei inawekwa pembeni kwenye akaunti ya eskro inayoshikwa na mtu wa tatu. Muuzaji komaa ili eskro hiyo iwe mwisho wa unachodaiwa kwenye marekebisho haya, na mnunuzi naye atataka makadirio yawe ya kweli siyo ya kujipendelea, omba nafasi ya kuyapitia kabla ya kulipa. Stoo ihesabiwe kwa mikono siku ya kufunga au karibu nayo sana, pande zote mbili zikiwepo na kusaini karatasi za hesabu, usikubali namba ya kompyuta peke yake.

Mkubaliane pia habari zinazojulikana baadaye zinatumika mpaka lini. Mteja akifilisika wiki sita baada ya kufunga, deni lake linashuka kwenye hesabu au la? Mkiweka tarehe ya mwisho ubishi umeisha.

Wengine wanaweka ukanda, tofauti ikiwa chini ya milioni 2 hakuna anayemlipa mwenzake. Sawa, inaokoa kelele za visenti, ila andika kama ukivuka ukanda unalipwa yote au ile iliyozidi tu, na jua kwamba ukanda mpana unamkaribisha muuzaji acheze ndani yake.

Kuna njia nyingine inayokwepa haya yote, inatumika sana Uingereza na Ulaya: bei inafungwa kwa mizania ya tarehe iliyopita, na baada ya tarehe hiyo muuzaji anakatazwa kutoa thamani yoyote nje ya kampuni, gawio, bonasi za ghafla, kulipa deni la mmiliki, isipokuwa vile vilivyotajwa kwenye mkataba. Ni safi na bei inajulikana, lakini mnunuzi anabeba hatari ya kuanzia tarehe ile wakati usukani bado hauko mkononi mwake, kwa hiyo inataka mizania ya kuaminika kweli, ikiwezekana iliyokaguliwa. Kama vitabu vina mashaka, baki na marekebisho.

Mkikosana

Muuzaji kwa kawaida anapewa kama siku 30 za kupinga tangu apokee hesabu ya mnunuzi. Kabla hujasaini mkataba hakikisha umepewa haki ya kuingia kwenye vitabu, kuongea na mhasibu na kuona karatasi za kazi, maana baada ya kufunga ofisi siyo yako tena na hakuna atakayekufungulia kabati kwa hisani. Barua ya kupinga iandikwe mstari kwa mstari, kitu gani unapinga, kwa kiasi gani, kwa kifungu gani, na namba yako mbadala ni ipi. Barua ya "hatukubaliani na hesabu yenu" mara nyingi haihesabiki kama pingamizi. Mkishindwa kuelewana inaenda kwa mhasibu huru mliyemtaja, anaangalia vile vilivyobishaniwa tu na jibu lake lisitoke nje ya namba mbili mlizompa. Andikeni anakuja kama mtaalamu wa hesabu au kama msuluhishi mwenye mamlaka ya kutafsiri mkataba mzima, maana ni vitu viwili tofauti na upana wa anachoweza kuamua unategemea hapo.

Tarehe ya mwisho iweke kwenye kalenda ya watu wasiopungua wawili siku ileile hesabu inapofika, na barua itumwe kwa njia na anwani zilizoandikwa kwenye mkataba, siyo imeili ya kirafiki kwa meneja mnayefahamiana. Siku 30 zikipita bila barua, mikataba mingi inahesabu umekubali na namba inakuwa ya mwisho, hata kama ina kosa ambalo kila mtu analiona.